Nyumba Yetu, Kiwanja Chao

BARUA

Mama Mshauri,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka Greeley, Colorado, ambako mimi na familia yangu tumeishi kwa miaka saba tangu tulipoletwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Mimi ni Mkongo wa Fizi, nina umri wa miaka 43, na ninafanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama. Mke wangu ni mtunzaji katika makao ya wazee. Tuna watoto wanne, na tangu mwaka jana mama mkwe wangu anaishi nasi.

Tumepanga fleti ya vyumba viwili vya kulala katika ghorofa ya tatu, na kila mwezi tunalipa dola 1,780. Jirani wa chini amekwisha kutushtaki mara tatu kwa sababu ya kishindo cha watoto, na mama mkwe, ambaye magoti yake yamechoka, hushuka ngazi mara moja tu kwa wiki, siku ya kwenda kanisani. Tulijaribu kutafuta nyumba ya kununua. Nyumba za kawaida tulizoonyeshwa zilianzia dola 380,000, na benki ilitueleza kwa upole kwamba kipato chetu hakifiki huko.

Mwezi uliopita mke wangu aliambiwa na mwenzake wa kazini kuhusu nyumba zinazotengenezwa kiwandani, zile ambazo watu wengi hapa bado wanaziita matrela. Tulikwenda kuiona moja katika paki, yaani eneo la nyumba hizo ambalo viwanja vyake hukodishwa, iliyo upande wa mashariki wa mji. Ilijengwa mwaka 2004, ina vyumba vitatu vya kulala na vyoo viwili, na inauzwa dola 68,000 na wenye paki wenyewe. Mke wangu aliingia jikoni, akafungua dirisha, akasema, "Baba, hapa tumefika." Mimi sikusema kitu.

Dalali alitupigia hesabu kwenye simu yake: tukitoa dola 6,800 za kuanzia, tutakopeshwa 61,200 zilizobaki kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 10.5, na malipo yatakuwa dola 676 kwa mwezi. Kodi ya kiwanja, ambayo ni dola 845 kwa mwezi, aliitaja mwishoni kabisa, tukiwa tunaelekea garini, kama mtu anayekukumbusha kununua chumvi. Mkataba wa kiwanja ni wa mwezi kwa mwezi. Anataka tuweke amana ya dola 1,500 kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, nayo hairudishwi hata tukibadili nia, kwa kuwa anasema kuna familia nyingine mbili zinazoitaka nyumba hiyo.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Dallas, amenicheka. Anasema kwamba ninataka kumwingiza mkewe wa ukoo, ndivyo anavyomwita mke wangu, katika bati lenye magurudumu ambalo upepo wa kwanza utalipeperusha hadi Nebraska. Sitaki kumvunjia heshima, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba yetu, lakini pia sitaki kumvunja moyo mke wangu, ambaye amekwisha kuchagua rangi ya mapazia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nilipoingia katika paki ile na kuona nyumba zimepangwa mistari, kila moja na namba yake ubavuni, na ofisi ya msimamizi pale mlangoni, moyo wangu ulirudi Nyarugusu. Niliishi miaka 16 katika nyumba yenye namba, juu ya ardhi ambayo haikuwa yangu. Je, huu ni woga wa kipumbavu? Tununue, au tungoje?

Baba wa Wanne, Greeley

JIBU

Mwanangu, marahaba.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye uzito kuliko yote uliyoandika, ingawa umeliweka chini ya barua kama aibu. Woga wako si wa kipumbavu. Macho yako yaliona namba na mistari, lakini moyo wako ulitambua jambo ambalo kaka yako, kwa utani wake wote, hakuligusa: katika paki ile utakuwa na nyumba yako juu ya ardhi ya mtu mwingine. Kaka yako anaogopa kuta. Wewe unaogopa udongo, na katika jambo hili wewe ndiye unayeogopa kitu kinachostahili kuogopwa.

Mimi nilizaliwa Mombasa, mtaa wa Majengo, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ambayo baba yangu aliijenga kwa mikono yake, lakini kiwanja kilikuwa cha ukoo mwingine, na kila mwezi mjumbe wao alikuja barazani kuchukua kodi ya ardhi. Watu wa pwani wanaufahamu vizuri utaratibu huo wa nyumba bila ardhi, ambao umewapa makazi maelfu ya familia zisizoweza kununua kiwanja mjini, na ambao vilevile umewafanya walale wakisikiliza habari za nani anauza nini kwa nani. Nilipofika Marekani na kuelezwa kwa mara ya kwanza jinsi paki hizi zinavyofanya kazi, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Kwa hiyo nikikujibu kwa urefu kuhusu kiwanja na kwa ufupi kuhusu nyumba, usidhani kwamba nimesahau ulichouliza.

Hata hivyo, tumwondoe kaka yako njiani kwanza, kwa heshima zote. Nyumba unayoizungumzia si trela la zamani. Mwaka 1974 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoipa Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, inayojulikana kwa kifupi kama HUD, mamlaka ya kuweka viwango vya ujenzi wa nyumba hizi kwa nchi nzima, na viwango hivyo vilianza kutumika tarehe 15 Juni 1976. Nyumba iliyotoka kiwandani kabla ya siku hiyo ilijengwa kwa namna ambayo mwenye kiwanda aliona inafaa. Iliyotoka baada ya hapo imekaguliwa ikiwa bado kiwandani kuhusu mihimili, umeme, mabomba, moto, upepo na uwezo wake wa kuhifadhi joto. Fremu ya chuma iliyo chini yake ni sharti la sheria hiyo, lakini magurudumu huondolewa nyumba ikishawekwa mahali pake, na nyumba nyingi zikishawekwa hazihami tena maisha yao yote. Bei yake ni nafuu kwa sababu hujengwa ndani ya jengo, ambamo mvua haisimamishi kazi, kwa mbao zilizonunuliwa kwa wingi na mafundi wanaorudia kazi ileile kila siku. Mwaka 2023 nyumba mpya ya aina hii iliuzwa kwa wastani wa zaidi kidogo ya dola 120,000 bila ardhi, na wastani huo unachanganya zile nyembamba za kipande kimoja na zile pana za vipande viwili. Sijui nyumba nyingine mpya katika nchi hii, isiyo na ruzuku ya serikali, ambayo mfanyakazi wa kawaida anaweza hata kuitolea macho kwa bei hiyo. Mamilioni ya Wamarekani wanaishi humo, wengi wao wakiwa wazee waliostaafu na watu wa kazi za zamu kama wewe.

Kuhusu upepo, kaka yako ana haki nusu. Tonado, yaani kimbunga kinachozunguka, iliyopiga Windsor, jirani yenu, mwezi Mei 2008 inakumbukwa na kila mtu katika kaunti ya Weld, na ni kweli kwamba tonado inapopiga, wakazi wa nyumba hizi huwa katika hatari kubwa kuliko walio katika nyumba zenye msingi wa zege na chumba cha chini ya ardhi. Nyumba iliyofungwa vizuri kwa nyaya na nanga zilizochimbiwa ardhini huhimili upepo mkali wa kawaida, lakini hakuna nyaya zitakazokulinda na tonado yenyewe. Uliza paki ina chumba cha kujificha au la, na kama haina, amueni leo ni jengo gani la jirani mtakalokimbilia na nani atamshika mkono mama mkwe.

Mimi lakini ningekuwa wewe, ningeogopa maji kabla ya upepo. Mwezi Septemba 2013 mto South Platte ulifurika na kuziharibu paki mbili za nyumba hizi huko Evans, mji unaopakana na Greeley, na zaidi ya familia mia mbili zikapoteza makazi. Paki nyingi nchini ziliwekwa katika ardhi ya bondeni kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu. Ofisi ya mipango ya kaunti ina ramani za maeneo ya mafuriko, na kuziangalia hakugharimu senti.

Sasa tuje kwenye hesabu za dalali. Alikuonyesha dola 676 akazifunika 845. Ukizijumlisha unapata dola 1,521, ambazo ni pungufu ya pango lako la sasa kwa dola 259. Katika hizo 259 utatoa bima, ambayo huko kwenu hupandishwa na mvua ya mawe inayotoboa mapaa, utatoa kodi ya mali ya kaunti, na utalipa maji na taka ikiwa paki inazitoza kando. Usishangae ukibaki na chini ya dola mia moja. Hizo bado ni fedha, na utakuwa umepata chumba cha ziada pamoja na mlango usiohitaji ngazi za ghorofa tatu, kwa hiyo sisemi kwamba mpango huu ni mbaya. Ninasema kwamba si ule uliosomewa.

Tazama tena kodi ya kiwanja. Tuseme inapanda kwa asilimia 6 kila mwaka, kiwango ambacho wakazi wa paki nyingi wangekiita cha huruma. Baada ya miaka kumi itakuwa dola 1,513 kwa mwezi. Utasema kwamba pango la fleti nalo hupanda, na ni kweli, lakini ukishindwa na fleti unafunga virago na kuhamia mtaa wa pili. Ukishindwa na kiwanja, nyumba yako hubaki imekaa pale pale. Kuihamisha hugharimu maelfu ya dola, ukijumlisha vibali, kuing'oa, kuisafirisha na kuiunganisha upya na umeme na maji, na paki nyingi hazipokei nyumba iliyokwisha kutimiza miaka 20. Wenye paki wanalijua jambo hili, na wawekezaji wakubwa ambao katika miaka ya karibuni wamenunua paki moja baada ya nyingine nchini wanalijua zaidi. Baya kuliko yote ni kwamba mtu aliyemaliza kulipa mkopo wa nyumba yake anaweza kuondolewa kwa sababu ya kodi ya kiwanja aliyochelewesha, akalazimika kuiuza nyumba kwa bei ya kutupa kwa mtu yuleyule anayemwondoa.

Ndiyo maana mkataba wa mwezi kwa mwezi umenikwaza zaidi kuliko riba. Omba mkataba wa mwaka mmoja kwa uchache, na ukiweza kupata wa miaka mitatu, chukua. Omba uandikwe ndani yake kwamba una haki ya kuiuza nyumba ikiwa palepale ilipo, bila mwenye paki kumkataa mnunuzi wako pasipo sababu ya msingi, na kwamba unaruhusiwa kuweka bango la kuuza. Paki ambazo mikopo yao imenunuliwa na Fannie Mae au Freddie Mac, makampuni mawili makubwa yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, chini ya mpango wa kuwalinda wakazi hulazimika kutoa mambo kama haya, kwa hiyo si maombi ya ajabu, na dalali akikwambia kwamba hajawahi kuyasikia, huenda ni kweli, lakini muulize msimamizi. Kuna na mikopo ya serikali kuu, ile inayodhaminiwa na FHA, idara ya serikali ya kudhamini mikopo ya nyumba, kwa nyumba isiyo na ardhi, ambayo haitolewi kamwe kwa mkataba wa kiwanja ulio chini ya miaka mitatu. Serikali yenyewe haikubali kudhamini mkopo katika hali ambayo wewe unatakiwa kuikubali kabla ya Ijumaa.

Kwa bahati, umefikia katika jimbo ambalo limewatungia wakazi wa paki sheria nzuri kuliko majimbo mengi, ikiwemo Texas anakoishi kaka yako. Katika Colorado kodi ya kiwanja haiwezi kupandishwa zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12, na lazima upewe taarifa ya maandishi siku 60 kabla. Kila paki inatakiwa isajiliwe na Idara ya Makazi ya jimbo, ambayo ina kitengo maalumu cha kupokea malalamiko ya wakazi, na mwenye paki haruhusiwi kumlipizia kisasi mkazi aliyelalamika. Mwenye paki akitaka kuiuza, ni lazima awaarifu wenye nyumba, nao wana siku 120 za kujikusanya na kutoa bei yao. Akitaka kuigeuza ardhi kwa matumizi mengine, lazima awape taarifa ya miezi 12. Jambo moja halimo katika sheria hiyo, nalo ni kikomo cha kiasi cha kodi. Wabunge walilijadili mwaka 2022, likaondolewa kabla muswada haujapita. Kwa maneno mengine, sheria inakwambia lini kodi itapanda, lakini haikwambii itapanda kiasi gani.

Siku 120 hizo zinanipa matumaini. Katika jimbo la New Hampshire, mwaka 1984, wakazi wachache wa paki ndogo ya Meredith waliposikia kwamba inauzwa walianzisha ushirika, wakakopeshwa na mfuko wa mikopo wa jamii, wakainunua ardhi iliyokuwa chini ya nyumba zao. Kutokana na mbegu hiyo likazaliwa shirika la ROC USA mwaka 2008, linalowasaidia wakazi kununua paki zao, na leo ushirika wa namna hiyo unapatikana katika mamia ya paki nchini. Kwenu Colorado, wakazi wa Animas View huko Durango walinunua paki yao mwaka 2021. Katika paki kama hizo, bodi inayopanga kodi ya kiwanja imechaguliwa na wanaoilipa. Kabla ya kurudi kwa dalali huyo, ulizia kama kuna paki ya ushirika karibu nanyi yenye nafasi. Huenda isiwepo, au ikawa na orodha ndefu ya wanaosubiri. Andikisheni majina hata hivyo. Mkongo aliyeishi kambini anaijua mikutano ya wakazi na kamati za maji kuliko Wamarekani wengi, na ninadhani ushirika wa namna hiyo ungekupata ukiwa umeiva tayari.

Sasa riba. Asilimia 10.5 ni kubwa, na sababu yake ni kwamba nyumba isiyo na ardhi huandikishwa kama mali inayohamishika, kama gari, na mkopo wake haufuati sheria zote zinazomlinda mkopaji wa nyumba ya kawaida. Ukishindwa kulipa, mkopeshaji anaweza kuichukua kwa njia inayofanana na kumnyang'anya mtu gari, kwa haraka kuliko mahakama inavyouza nyumba ya rehani. Ukilipa dola 676 kwa miezi 180 utakuwa umelipa karibu dola 121,700 kwa mkopo wa 61,200. Ukipata mkopeshaji wa asilimia 7.5, labda chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa kiwandani kwenu au benki ndogo ya mjini, malipo yatakuwa dola 567, na kwa miaka hiyo 15 utabakiwa na takriban dola 19,600. Mkopeshaji aliyeletwa na muuzaji hana sababu ya kukwambia hivyo. Omba makadirio ya maandishi kutoka sehemu tatu, na usimruhusu mtu akuchunguzie rekodi ya mikopo kila anapotaka kukuonyesha namba kwenye simu.

Nyumba yenyewe nayo ikaguliwe na mkaguzi mnayemlipa ninyi. Nje, nyuma ya nyumba, kunatakiwa kuwe na kibati kidogo chekundu chenye namba, ambacho ndicho uthibitisho wa HUD. Kama kimeondolewa wakati wa kupaka rangi au kubadili ukuta, taasisi ya IBTS hutoa barua ya uthibitisho badala yake. Ndani, mara nyingi katika kabati la jikoni au karibu na boksi la umeme, kuna karatasi ya maelezo yenye ramani tatu ndogo zinazoonyesha nyumba ilijengwa kwa ajili ya upepo gani, uzito gani wa theluji juu ya paa, na baridi ya kiwango gani. Isome ramani ya baridi kwa makini, kwa sababu nyumba iliyojengwa kwa ajili ya majimbo ya kusini ikiletwa Greeley itakula gesi yako mwezi Januari bila kuwapasha joto. Muombe mkaguzi aingie chini ya nyumba, atazame kama imekaa sawa juu ya matofali yake, kama mabomba yamezungushiwa waya wa kuyapasha joto, na kama ukuta mwepesi unaoziba uwazi wa chini ni mzima. Ninyi wenyewe kanyageni sakafu kuzunguka bafu na choo: ikibonyea, maji yamekuwa yakivuja muda mrefu. Kisha nendeni kwa mtunza hazina wa kaunti kuuliza kama nyumba hiyo inadaiwa kodi, kwa kuwa deni la kodi hufuata nyumba, na mhakikishe kwamba hati ya umiliki ipo na iko katika jina la huyo anayeuza.

Kuna njia nyingine ambayo hujaitaja, nami ninaitaja ili usije ukaniuliza mwakani kwa nini sikukwambia. Nyumba hiihii ikiwekwa juu ya ardhi yako mwenyewe, kwenye msingi wa kudumu, hati yake ya kama gari hufutwa, ikaandikishwa pamoja na ardhi kuwa mali isiyohamishika, na hapo mikopo ya kawaida ya nyumba hufunguka, yenye riba ndogo na ulinzi kamili wa sheria. Takwimu za serikali kuu zinaonyesha kwamba nyumba za namna hiyo zimekuwa zikipanda thamani kwa mwendo unaokaribiana na wa nyumba za kawaida, jambo ambalo halisemeki kwa zile zilizo katika viwanja vya kupanga. Kaunti ya Weld ni pana na ina ardhi nje ya mji, lakini gharama iko katika yale yasiyoonekana: kibali cha kisima, ambacho Colorado hutolewa na jimbo na si kwa kila anayetaka, shimo la maji machafu, nguzo za umeme, na barabara ya kufika. Msinunue kipande cha ardhi kabla ya ofisi ya mipango ya kaunti kuwajibu kwa maandishi kwamba kinaruhusiwa nyumba hiyo na kinaweza kupata maji. Kwa hali uliyonieleza sidhani kama mnaweza leo, lakini mkihamia paki na nyumba hiyo ikawapunguzia gharama, huenda mkaweza baada ya miaka mitano, kwa masharti kwamba hamjafungwa na mkopo wa asilimia 10.5.

Jibu langu basi ni hili. Msiweke amana Ijumaa. Familia mbili nyingine zinaweza kuwepo au zisiwepo. Nimeishi katika nchi hii miaka 31 na sijawahi kukutana na nyumba inayouzwa ambayo haikuwa na familia mbili nyingine. Mwandikieni msimamizi barua, siyo ujumbe wa simu, mkiomba mambo matatu: mkataba wa mwaka au zaidi, orodha ya kodi ya kiwanja waliyotoza katika miaka mitano iliyopita, na ruhusa ya kuleta mkaguzi kabla ya fedha yoyote kutoka. Wakikubali yote, na mkapata mkopo wa riba nafuu, nunueni, na ninamwombea mke wako mapazia mazuri. Wakikataa orodha ya kodi, hapo mmekwisha kujibiwa. Kuna washauri wa makazi walioidhinishwa na HUD ambao hawatozi au hutoza kidogo, na Colorado Legal Services husaidia watu wa kipato cha chini bila malipo. Ombeni mkalimani wa Kiswahili, na msione haya, wala msimpeleke mtoto wa darasa la saba akawe mkalimani wa mkataba wa miaka 15.

Kaka yako mpigie simu wewe mwenyewe, jioni akiwa amepumzika, umwambie kwamba umemsikia kuhusu upepo na kwamba unamwomba ushauri kuhusu kodi ya kiwanja. Mkubwa akiombwa ushauri huacha kucheka. Na mke wako mwambie habari ya Nyarugusu. Yeye naye aliishi katika nyumba yenye namba, tena namba ileile, na alipofungua dirisha la jikoni huenda aliona unayoyaona wewe akaamua kufungua hata hivyo. Hamwezi kukubaliana kuhusu nyumba ikiwa mmoja anazungumzia vyumba vitatu na mwingine anazungumzia kambi kimoyomoyo.

Ukipewa mkataba, niletee nakala ya ukurasa unaotaja kodi ya kiwanja na ule unaotaja kuuza. Futa majina na namba ya kiwanja kwanza. Nitausoma na kukujibu kabla hujatia saini.

Mama Mshauri